Sekunde Thelathini Kabla ya Habari

Kwa miaka kumi na minne Fundi alivalisha makochi yaliyouzwa kwa jina la mtu mwingine. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake tangu akiwa msichana wa miaka kumi na mmoja, na kufikia utu uzima vidole vyake vilikuwa vikigusa kitambaa tu vinajua kitachakaa lini. Alipotimiza miaka arobaini alisema basi, inatosha. Yeye na mumewe, ambaye ni seremala, walikodi chumba kirefu nyuma ya barabara kuu, mlango wa pili baada ya mziba matairi, wakafungua karakana yao. Mume alipiga fremu za mbao. Mke alifunga mikanda, akapanga spring, akagundisha sponji, akavalisha. Seti ya kwanza ilipokamilika, ya kijani kibichi, waliikalia kwa zamu, kila mmoja akimchunguza mwenzake usoni kuona kama anajisikia vizuri au anamfariji tu.

Shida ni kwamba hakuna aliyejua kuwa wapo. Waliopiga hodi walikuwa wakitafuta matairi. Miezi minne ikapita, zikauzwa seti mbili, moja kwa binamu wa mume, aliyeomba apunguziwe mpaka wenye mali wakaona aibu kwa niaba yake.

Hapo ndipo alipokuja wakala wa matangazo wa kituo cha televisheni, mwanamume mnene, mpole, mwenye mkoba wa karatasi chini ya kwapa. Alikaa kwenye lile kochi la kijani, akashusha pumzi, akafungua mkoba.

"Tangazo ni sekunde thelathini," alisema. "Asubuhi, watoto wakiangalia katuni, bei ni hii. Mchana ni hii. Jioni, kabla tu ya taarifa ya habari, ni hii hapa."

Seremala aliinama juu ya karatasi, akasogeza kidole kwenye sifuri moja baada ya nyingine. "Hii ya jioni ni ya mwezi mzima?"

"Ni ya mara moja, kaka."

Mara moja jioni ilikuwa sawa na kochi zima la watu watatu. Na mara moja haisaidii, wakala alieleza kwa sauti ya daktari anayetoa majibu. Mtu lazima alione tangazo mara saba, mara nane, ndipo likae kichwani. Kifurushi kidogo kabisa kilikuwa cha jioni kumi na mbili na asubuhi thelathini. Hapo bado hujalitengeneza tangazo lenyewe: mpiga picha, taa, mhariri, muziki. Na mwigizaji.

"Mwigizaji wa nini?" Fundi aliuliza.

"Wa kukaa, mama. Kochi tupu kwenye TV linaonekana kama limeachwa na watu waliohama."

Walilizungumza siku tatu. Pesa waliyokuwa nayo ilikuwa ya cherehani kubwa ya kushonea ngozi, ambayo Fundi aliitamani tangu akiwa mfanyakazi wa watu. Siku ya nne alisema, "Cherehani ingoje. Lakini mwigizaji tunamkata. Nitakaa mwenyewe. Nani ataliuza kochi langu kunishinda mimi?"

Siku ya kupiga picha alivaa gauni lake la harusi za watu. Maneno yalikuwa machache mno: kaa, tabasamu, sema "Ukikaa, hutataka kuinuka." Kwenye kioo cha chumbani alikuwa ameyasema vizuri. Mbele ya taa zile uso ulimkauka, mabega yakapanda, sauti ikamtoka kama ya mtu anayetoa maelezo kituo cha polisi. Walirudia mara kumi na tisa. Mpiga picha alilipwa kwa saa, na seremala alikuwa ameanza kuangalia ukutani mahali ambapo hakukuwa na saa.

Katikati ya hayo akaingia Kitinda na chupa ya chai. Kitinda ndiye mdogo wake Fundi, kitindamimba wa mama yao, amepishana na dada yake miaka kumi na mitatu. Alifanya kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya daktari wa meno, na saa ya mapumziko alipenda kupitia karakana. Kiatu kilikuwa kinambana. Akajitupa kwenye ncha ya kochi ili akivue, kochi likampokea, akabaki na kiatu mkononi.

"Jamani," alisema, wala hakuna aliyemuuliza, "mimi leo sirudi kazini."

Mpiga picha aligeuza kamera taratibu, kama anayeogopa kumfukuza ndege. "Hebu rudia hivyo hivyo. Na kiatu."

Ni Fundi mwenyewe aliyesema, "Mchukueni yeye." Baadaye alilikumbuka hilo mara nyingi. Hakuna aliyemlazimisha. Alisogea pembeni, akavua hereni zilizokuwa zinamkera, na nusu saa haikuisha kazi ikawa imekamilika.

Tangazo likaanza kurushwa, na watu wakaja. Walikuja wawili wawili, mke na mume, mama na binti, wakimwuliza mziba matairi njia. Kabla wiki ya pili haijaisha seremala alikuwa ameagiza mbao mara mbili. Fundi alilala na harufu ya gundi kwenye nywele. Furaha ilikuwepo, asiseme uongo.

Halafu siku moja mwanamke mmoja aliyevaa miwani ya jua aliingia, akampita Fundi aliyekuwa amepiga magoti na pini mdomoni, akaangaza huku na huku. "Samahani, mama," alimwambia, "mwenye duka yupo?"

Fundi alitema pini kiganjani. "Ni mimi."

"Hapana, yule wa kwenye TV. Yule dada mchangamfu."

Alikuwa wa kwanza. Wengine walifuata, na kila mmoja alikuwa na namna yake ya kuuliza. Yule mrembo hayupo leo? Yule mwenye kiatu anakuja saa ngapi? Bwana mmoja alikataa kuliona kochi hadi Jumamosi, kwa kuwa Jumamosi Kitinda hakuwa kazini na angeweza kumwonyesha yeye mwenyewe. Kitinda alikuja Jumamosi hiyo, na iliyofuata, kisha akawa anapita karibu kila jioni baada ya kliniki kufungwa. Watu walipiga naye picha. Walimwambia, "Hongera kwa kazi nzuri," naye alijibu, "Ni kazi ya dada huyu," akimwonyesha kwa kidole, na wao waligeuka kidogo, wakatikisa kichwa kwa adabu, wakamrudia Kitinda.

Fundi alijiambia ni uchovu. Lakini uchovu haumfanyi mtu ahesabu. Yeye alihesabu. Aliliangalia tangazo lile kwa kulivizia, na akajua kwamba kati ya sekunde thelathini, ishirini na nne zilikuwa uso wa Kitinda, tano zilikuwa kochi na namba ya simu, na moja ilikuwa kidole gumba kikibonyeza sponji. Kidole kilikuwa chake. Alikilipia kidole hicho bei ya cherehani nzima.

Akaanza kuona vitu vingine. Aliona namna mdogo wake anavyocheka kichwa kikienda nyuma, kicheko alichokuwa nacho tangu mtoto lakini sasa kilionekana cha kununuliwa. Aliona mumewe akipiga mluzi wa ule muziki wa tangazo huku akipiga randa. Kitinda akisema, "Shemeji, hebu nishikie hapa," na mume akishika, roho ya Fundi iliruka kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Hakuwa na shaka na mumewe. Hakuwa na shaka na mdogo wake. Ilimuuma tu, na kutokuwa na sababu kulifanya imuume zaidi.

Kitinda alipochukua stepla kubwa ya kupigia pini, Fundi alimnyang'anya. "Utajitoboa."

"Acha nitazame basi."

"Nenda kakae mbele. Wateja wanakutaka wewe, mimi hawanijui."

"Dada, umekasirika?"

"Nimekasirika nini? Nina kazi."

Jumapili moja walikuwa kwa mama yao, na sebuleni kulikuwa na majirani wawili. Mmoja alimkazia macho Kitinda, akamuuliza wazo la kufungua biashara ya makochi alilipata wapi, maana wasichana wa siku hizi hawathubutu. Kitinda alifungua mdomo ajibu. Mama akamtangulia: "Wanangu wote wanajituma," alisema, na mkono wake ulikuwa begani kwa kitindamimba. Fundi aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Siku tatu baadaye alikwenda peke yake kwenye kituo cha televisheni. Wakala alimpokea meno nje.

"Mama, nimewasikia. Mambo yanakwenda."

"Nataka lile tangazo litolewe. Nataka lingine, bila yule msichana wala uso wa mtu mwingine."

Wakala aliweka kalamu mezani. "Watu hubadilisha tangazo lililokufa. Lenu ndiyo kwanza linatembea. Kulirudia hilo hilo nitakupunguzia. Kutengeneza jipya unaanza upya: kamera, taa, mhariri. Na kwa kuwa hutaki mtu, itabidi tulipe sauti ya kusoma. Sauti nzuri ni ghali."

"Nipe bei."

Aliandika kwenye karatasi, akaigeuza. Ilikuwa karibu yote waliyoyapata kwa wiki saba za jasho, pesa ambayo mumewe alikuwa ameshaanza kuiita cherehani. Fundi alitia saini. Aliporudi nyumbani alimwambia mumewe kwamba ameongeza siku za tangazo. Haukuwa uongo mtupu, na alijishikilia kwenye ile nusu iliyokuwa kweli.

Mpiga picha alikuja siku ambayo mume alikuwa amefuata mbao. Safari hii Fundi hakuogopa, kwa sababu uso wake hakuutaka mtu auone. Mikono ilivuta mikanda, ikapanga spring, ikakata kitambaa kwa mkupuo mmoja. Mpiga picha alisema ni nzuri sana. Akasema tena, labda alidhani hajasikika.

Tangazo jipya lilirushwa Alhamisi. Fundi alikuwa amepanga awe karakana saa hiyo, lakini mama yao alipiga simu kulalamika kwamba kiti chake kinalia, na alipofika alikuta sebule imejaa: mumewe aliyepitia kuchukua watoto wao, majirani wale wale wawili, na Kitinda amesimama katikati na kitambulisho cha kliniki shingoni. Walikuwa na mchezo wao. Kila jioni ambayo tangazo lilirushwa, Kitinda huliigiza palepale sebuleni sambamba na Kitinda wa kwenye TV, kiatu mkononi, na majirani huvunjika mbavu.

Muziki ukaanza, ule ule. Kitinda akavua kiatu. Akaketi hewani kama aliyekalia kochi, akafungua mdomo kusema jamani. Kwenye kioo cha TV ikatokea mikono. Mikono ikavuta mkanda. Sauti nzito ya mwanamume ikasema kwamba kochi zuri huanzia ndani.

Kitinda alibaki vile, magoti yamekunjwa, mdomo wazi, kwa sekunde ambazo Fundi hakuhitaji kuzihesabu. Kisha akanyooka, akavaa kiatu.

"Limetoka zuri," alisema. "Mikono yako imeonekana vizuri, Dada."

Hakusema kwa kejeli. Alitafuta mkoba wake nyuma ya kiti, akambusu mama yake kichwani, akaaga kila mtu kwa zamu, pamoja na Fundi, akatoka. Mmoja wa majirani akauliza kama tangazo limekatika. Seremala alimtazama mkewe, na Fundi akaangalia chini ya kiti cha mama, akitafuta spring iliyokuwa inalia.

Asubuhi yake, karakana, mume alipiga randa muda mrefu kabla ya kusema.

"Kwa nini?"

"Nimechoka kuulizwa mwenye duka yuko wapi."

"Ungeniambia mimi."

"Ningekuambia nini? Kwamba namwonea wivu mtoto niliyembeba mgongoni?"

Aliacha randa, akapangusa vumbi la mbao kwenye nyusi. "Ungeniambia hivyo hivyo," alisema. "Ingekuwa bei rahisi." Akaendelea na kazi, wala hakupiga mluzi siku hiyo.

Wateja hawakukoma, ila walipungua. Waliokuja kwa tangazo la mikono walikuwa watu wa kugeuza kochi na kuchungulia chini, kuuliza mbao ni ya mti gani, kuondoka kufikiri. Baadhi walirudi. Jioni zile kumi na mbili za kifurushi zilipokwisha hawakuwa na uwezo wa kulipia nyingine. Kitinda hakupita tena karakana. Kwenye simu alipokea, akajibu salamu, akasema yupo, mzima, kazi nyingi.

Mwezi ukapita. Jioni moja Fundi alikuwa akikunja nguo za watoto TV ikiwaka, akasikia kicheko anachokijua. Alikuwa Kitinda, amevaa gauni jekundu, ameketi kwenye kochi kubwa jeupe la duka la fanicha la ghorofa tatu lililoko barabara kuu, akiwaambia watu wote waje. Fundi alingoja wivu umpande kama kawaida yake. Ulipanda. Lakini macho yake yalikuwa yameshashuka kwenye kona ya kochi, yakaona mshono umepinda, kitambaa kimevutwa upande mmoja, sponji ya bei ya chini ikimzamisha mdogo wake mpaka magoti yakaja juu. Wamemkalisha kwenye takataka, alifikiri, na hasira iliyomshika haikuwa ya wivu hata kidogo.

Kesho yake mchana alikwenda kliniki. Kitinda alikuwa mapokezi, peke yake, anakula kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine. Alimwona dada yake, akafunika chakula.

"Umekuja kwa jino?"

"Nimekuja kwako."

"Kaa."

Fundi aliketi kwenye benchi la wagonjwa. "Lile kochi walilokukalisha halifiki mwaka," alisema, kwa kuwa hakujua pa kuanzia.

"Najua. Linanuka gundi mbichi." Kitinda aliifunga kalamu. "Walikuja kuniuliza wiki ya tatu tu ya lile tangazo letu. Nikawaambia nina dada. Wakaja tena na pesa nyingi zaidi, nikawaambia nina dada. Baada ya ile Alhamisi niliwapigia mimi."

"Hukuniambia."

"Hukuniambia na wewe."

Fundi alitazama sakafu. Maneno aliyokuwa ameyapanga njiani yalikuwa yamepotea, kama mbele ya zile taa. "Nilikuonea wivu," alisema. "Sina kingine. Watu walikuwa wanakuona wewe, mimi natema pini. Nililipa pesa yetu yote ili usionekane."

Kitinda alisukuma chakula pembeni. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, lakini sauti ilipotoka ilikuwa kavu.

"Unajua nilikuwa nakuja karakana kufanya nini?"

"Wateja walikuwa wanakuuliza."

"Nilikuja kujifunza. Kila nikigusa stepla unaninyang'anya. Kila nikishika mkasi, nenda kakae mbele. Baba alikaa chini na wewe miaka tisa, Dada. Nilipofika umri wa kushika sindano macho yake yalikuwa yameshaharibika, nikawa wa kutumwa dukani. Unadhani ni wewe peke yako mwenye wivu katika familia hii? Mimi mikono yako nimeionea wivu tangu naota meno."

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mzee ameshika shavu, na Kitinda akapangusa macho, akamsalimia, akamwandika jina, umri, jino la upande gani. Fundi alingoja. Mkono wake, bila yeye kuutuma, ulikuwa umepata mpasuko kwenye ngozi ya plastiki ya benchi, na kidole kimeingia ndani hadi kwenye sponji iliyogeuka unga. Mzee alipoitwa kwa daktari, Fundi aliuliza:

"Huo mkataba wako na wale watu unasema nini?"

"Mwaka mmoja. Nisionekane kwenye biashara nyingine ya fanicha. Hata mlangoni kwenu nisisimame."

"Unasema chochote kuhusu benchi la daktari wa meno?"

Kitinda alimtazama, kisha akalitazama benchi. Alijaribu asicheke. "Benchi hawakulitaja."

Daktari hakuwa na neno, mradi Jumatatu wagonjwa wapate pa kukaa. Jumapili asubuhi wakafunga mlango kwa ndani, wakaligeuza benchi miguu juu. Kitinda alipewa bisibisi na koleo, akang'oa pini za zamani mia mbili na zaidi, akalalamika kuhusu kucha, akaendelea. Fundi alimwonyesha kukata sponji kwa kisu cha msumeno, kupaka gundi na kuiacha ishike kabla ya kubandika, kuanza pini katikati na kwenda pembeni, si kinyume. Alieleza vibaya mwanzoni. Hakuwahi kumfundisha mtu. Alisema "hivi" mara nyingi bila kusema hivi vipi, na Kitinda akawa anamsimamisha: polepole, Dada, rudia.

Walipofika kwenye kona, Kitinda akasema aachiwe. Alikunja kitambaa, akakifunua, akakikunja tena, akakivuta kwa kiganja na kupiga pini tatu. Fundi aliinama kuangalia. Kona ile ilimchukua yeye mwaka mzima kwa baba yao, na machozi juu yake. Kitu kile kile kikamchoma chini ya mbavu, pale pale kilipozoea, na mdomo ukawa tayari kusema fumua.

Akaitazama tena. Ilikuwa imekaa sawa.

"Hiyo iache," alisema. "Njoo upande huu."